Kidole juu ya Buto, Jina Ndani ya Kinywa

Bunia, lundi, mvua inanyesha

Mama Mukwe wangu,

Nakusalimia magoti chini. Haiko maneno tu, magoti yangu iko chini kweli kweli, juu ya simenti ya watu, na Mama Kavira anayenisaidia hapa ananicheka. Anasema: "Mama, kiti iko. Yule unayemusalimia hakuone." Nimemujibu: "Anione, asinione, mama ya bwana yangu simusalimie nimeikala kama shefu." Sasa nimeamuka, nimeikala, salamu imefika.

Uliamukaje, Mama? Ile muguu ya kushoto inakuachia kidogo? Unakula? Siku ya poso, ile juzi, watu walisema risasi imelia tena upande wa kwenu. Kisha wakasema apana, ni mbali na kwenu. Kisha mwingine akakuja na kuapa kama ni kwenu kabisa, pa kiteremo ya shamba yako. Nimechoka na vinywa vya watu. Weye mwenyewe njo unaweza kunipa ukweli. Unalala mu nyumba, ao unarudilia kulala mu mihogo? Kama ni mu mihogo, tandika kitu chini, Mama, tafazali, baridi ya udongo haina huruma na mifupa ya mutu muzima. Na ile blanketi niliyomupa dereva, uliipata? Alisema alikupa mukono kwa mukono. Lakini dereva ni dereva.

Siye tunapumua. Bashi, ile plastiki inayofunika nyumba yetu hapa mu site ya wakimbizi, ilipata tundu mbili, nikaziba na mufuko ya simenti. Mutoto wako, bwana yangu, angali kule Komanda anapakiza mizigo mu makamyo. Barabara imefungwa wiki ya pili sasa, gari haipande, haishuke. Anatupigia simu, sauti yake iko muzuri, anasema anakula. Mama Kavira, funga ile dirisha, mvua inaingia kwa machini. Imeandikwa, Mama. Nini imeandikwa? Ile ya dirisha. Aa, futa basi.

Umeona sasa, Mama? Umeona mateso yangu? Nimemuambia aache tu, asifute, ujue vile ninaishi.

Juu barua hii siandike na mukono. Mukono yangu unaijua, niliishia mwaka ya pili ya primere, herufi zangu zinalala chini kama mahindi kisha mvua ya mawe. Hapa karibu na site kuko sale moja, chumba kikubwa cha watu wa musaada, na ndani iko machini inayosikia Swahili. Haiko ile ya mu vitabu, ni Swahili yetu hii. Vijana walipita, wakakusanya sauti za watu wa hapa, wakaifundisha. Unasema, yenyewe inaandika. Waliponiambia mara ya kwanza nilipiga makofi, nikasema Mungu asifiwe, mateso imeisha. Kumbe ilikuwa inaanza.

Machini haisikie tu ovyo. Kuko kadude kadogo ka kushika na mukono, wanakaita suri, kanafanana na panya na mukia yake. Juu ya kichwa ya suri kuko buto, ni kusema pahali pa kufinya. Unafinya, unaendelea kufinya, machini inafungua sikio. Ukiachilia, inafunga sikio. Vile tu. Mama Kavira alinielezea mu dakika moja. Miye ilinichukua siku ine, na mpaka leo kidole kinaniuma kama nimepiga jembe.

Kosa yangu ya kwanza ilitoka kwa foni ya paruasi. Unaikumbuka ile foni, vile tulikuwa tunasimama pa dirisha ya padiri juu ya kuzungumuza na watu wetu wa Bambu. Unafinya, unasema, unaachilia, unangoja mwenzako ajibu. Basi miye nikafinya suri: "Machini, jambo." Nikaachilia. Nikangoja. Nikafinya tena: "Jambo, unanisikia?" Nikaachilia, nikangoja. Mama Kavira alikuwa anaandika watu mu kaye yake, akainua kichwa.

"Mama, unangoja nini?"

"Nangoja ijibu."

"Haijibu. Inaandika tu."

"Hata salamu?"

"Hata salamu."

Kusema kweli, kitu inayoikala mu nyumba na haijibu salamu, tangu pale sikuipenda. Kisha nikapata kosa ya pili: nasema na mikono. Weye unanijua. Nikianza kuelezea kitu, mikono inaruka, na mukono ikiruka kidole kinatoka kwa buto. Machini inakamata nusu ya habari, nusu inapotea mu hewa. Na ya tatu ni kinyume: mutu akiingia namusalimia, na kidole kingali kimefinya. "Jambo mama, watoto? Wako wazima? Mafua imeisha?" Yote inaingia. Mara moja tulikuta ndani ya karatasi yangu mafua ya watoto wa watu.

Unajiuliza: na anatafuta nini kwa machini, huyu? Nitakuambia, na unisikilize mpaka mwisho, juu mwisho inakuhusu weye mwenyewe, na ninaogopa.

Ni mujukuu wako, Koko Mudogo, vile tunamuita juu weye uko koko yake mukubwa, mama ya baba yake. Mwaka hii anamaliza sekondere. Anapaswa kufanya egzame ya Leta, mutihani ya serikali, na juu ya kuandikwa kwa liste wanaomba karatasi ya kuzaliwa. Yake iliungua na nyumba, unajua. Biro ya hapa ilikubali kumupa ingine, lakini muzazi atangaze na kinywa yake kama huyu ni mutoto wake, jina fulani, alizaliwa pahali fulani, kisha atie kidole na wino. Na liste ya masomo ilikuwa inafungwa vandredi, siku ya tano ya wiki.

Watu wengine mu vita hii walianza kuuza karatasi za uongo, mutu anatangaza mutoto asiyemujua. Njo sababu sekretere ya ile biro alikataa maandiko ya mukono ya mutu mwingine. Alimuapisha Mama Kavira mbele ya watu: muzazi aseme mwenyewe kwa machini, na weye unayechunga sale usiongeze neno, usipunguze neno. Mama Kavira ni mutu wa Butembo, anauza sabuni sokoni asubui, kisha saa sita anakuja kuchunga sale. Akiapa, ameapa. Koko Mudogo naye alikatazwa kugusa machini, eti hawezi kujitangaza yeye mwenyewe. Na baba yake simu yake haina kidole cha kutia mu wino.

Basi nikabakia miye peke yangu. Na Mama, weye umekwisha kuelewa. Mutoto anabeba jina yako.

Siku ya tatu nilienda na kutangaza. Nilijikaza, nilifinya, sikumusalimia mutu, mikono haikuruka. Nilisema yote tangu mwanzo mpaka mwisho, Mama Kavira akatosha karatasi, nikatia kidole, tukaenda biro na Koko Mudogo amevaa shemize ya masomo, anatembea mbele yangu kama amekwisha kupata dipolome. Sekretere akavaa lunete ya macho, akasoma kwa sauti kubwa, sale yote inasikia:

"Miye, mama ya, natangaza kama mutoto wangu, alizaliwa Djugu, na kama, ni damu yangu."

Akatosha lunete. "Mama, mutoto wako hana jina?"

"Jina iko."

"Iko wapi? Naona tundu tatu."

Miye sikujua, Mama. Nakuapia sikujua. Kidole kilifanya chenyewe. Kila mara jina ilifika pa meno, kinywa ilinyamaza na kidole kikainuka, sawa vile mutu anarudisha mukono kwa moto. Machini ikafunga sikio, kisha nikafinya tena na kuendelea.

"Mama," sekretere akaniuliza, "sasa hapa, mbele yangu, huyu binti anaitwa nani?"

"Fransine."

"Ma-Fransine iko kama majani. Jina yake ya kwao?"

Nikaangalia chini. Nikasema: "Angalia kwa kaye ya masomo, iko pale."

"Sikuulize kaye, nakuuliza weye. Uko mama yake kweli?"

Watu wakaanza kunungunika nyuma yangu. Mwingine akasema, "Njo wale wanauza watoto wa watu." Miye! Miye niliyemubeba mu mugongo tangu kwenu mpaka huku, siku ile moto ilikuwa nyuma yetu, yeye na miaka kumi na moja, muguu imevimba, mutoto muzito kama gunia! Nilitaka kumuonesha mugongo yangu yule mutu.

Njiani Koko Mudogo alitembea nyuma yangu. Kufika mu bashi, akavua shemize, akaikunja, akaitia mu sakoshi. Kisha akafunguka.

"Mama, mwaka muzima nimesoma na watoto wa jirani wanalia mu sikio yangu. Nimebeba maji ya watu juu ya kupata kaye. Na sasa nitabakia bila egzame juu ya heshima?"

"Usiseme heshima kama ni uchafu."

"Baba anasema jina yangu. Koko mwenyewe ananiita na jina yangu. Padiri aliisema siku ya komunyo. Mu dunia yote ni weye tu hauiseme. Wakati nilikuwa mudogo nilifikiri haunipende."

Mama, ile neno ya mwisho ilinikata. Yeye anajua desturi, nilimuelezea tangu utoto: muke hataje jina ya mama ya bwana yake, hata kama ni mutoto anaibeba. Nilikuwa namupigia makofi mu shamba juu ya kumuita, makofi tatu, anakuja mbio. Nilifikiri makofi inatosha.

Kesho yake nikaenda kwa sale bila mutoto. Mama Kavira akaniuliza: "Mama, ile tundu tatu inatoka wapi? Buto imeharibika?" Nikamuambia yote. Akacheka kwanza, kisha akaacha kucheka.

"Na ukiitaja, inakuwa nini?"

"Ni haya."

"Haya ya nani?"

"Yangu. Na ya mukwe. Ni kama kumuvua kitambaa ya kichwa mbele ya watu."

"Na mwenyewe anaweza kukuruhusu?"

"Anaweza. Kama ananiambia: nitaje. Lakini yuko mbali, antena ya simu ya kule ilianguka, barua na dereva inafika siku ikitaka. Na vandredi ni kesho."

Mama Kavira akaikala karibu yangu. Alikuwa ananuka sabuni yake ya soko. Akasema: "Ningeweza kuandika ile jina na vidole vyangu, ingechukua dakika ndogo sana. Lakini nimeapa, Mama. Niko mukristo na niko mu-Butembo. Siwezi." Nilimukasirikia. Kisha nikaona kama siye wawili tunashikwa na kamba moja: yeye hawezi kuandika juu ameapa, miye siwezi kusema juu nimeolewa. Na machini iko katikati, inatuangalia, haijibu hata salamu.

Nilifikiri mambo mingi, Mama. Nilifikiri nikohoe mahali pa jina. Nilifikiri nipige makofi tatu, labda machini itajua. Mama Kavira alisema itaandika hakuna kitu. Nilifikiri hata kumuacha mutoto angoje mwaka ingine. Lakini mwaka ingine, Mama, ni nani anaujua? Siye tulilima mahindi hatukuyala. Tulijenga nyumba, moto ikalala ndani mbele yetu. Kitu moja tu haikuungua, ni ile iko mu kichwa ya huyu mutoto.

Vandredi ikafika. Sale ilijaa. Sekretere alikuja yeye mwenyewe, eti anataka kuona na macho yake, akasimama pa ukuta na kashe, ile muhuri ya biro, mu mukono. Koko Mudogo alisimama pa mulango, amenigeuzia mugongo, anaangalia mbuzi za watu mu barabara. Alikuwa angali na kasirani. Mama Kavira akanipa suri, akaniambia pole pole: "Mama, ukifika pale, usiachilie."

Nikaweka kidole. Najua kidole changu sasa, kinadanganya. Nikakamata mukono ya kulia na mukono ya kushoto, kabisa, vile unakamata shingo ya kuku, nikafinya na yote mbili. Nikaanza: "Miye, mama ya..." Kidole kikataka kuinuka. Nikakikandamiza. Jasho ilishuka mpaka mu macho. Nikakuona weye, Mama, uso kwa uso, umeikala pa mulango unachagua maharagi. Ukainua kichwa. Ukaniangalia.

Nikaisema.

Sikuisema kwa nguvu. Niliisema kama mutu anayetelemusha mutungi kutoka kichwani, anaogopa maji itamwangika. Lakini sale ilikuwa kimya, watu wote walisikia.

Na pa mulango, nyuma yangu, sauti ikaitika: "Mama?"

Alikuwa amegeuka. Hakukumbuka kasirani, hakukumbuka sekretere, hakukumbuka kama natangaza. Alisikia tu mama yake anamuita, akaitika. Miaka kumi na nane, Mama. Na sauti haikuwa ya musichana wa sekondere. Ilikuwa ile ya mutoto mudogo anayeitwa toka mbali, anataka kujua kama ni chakula ao ni hatari.

Miye nikabakia namuangalia, mikono yote mbili juu ya suri. Sikukumbuka kuachilia, sikio ya machini ilikuwa ingali wazi. Kisha nikamaliza yaliyobakia, na jina nikaisema mara mbili ingine, na kidole hakikukimbia tena.

Karatasi ikatoka. Sekretere akavaa lunete. Jina ilikuwa pale, Koko Mudogo aliangalia, hakuna hata herufi moja imepotea. Lakini sekretere akagonga karatasi na kalamu.

"Hii neno 'Mama' katikati ni ya nini? 'Miye, mama ya fulani. Mama.' Ondoa."

Mama Kavira akaweka mikono kiunoni. "Weye njo uliniapisha. Nisiongeze, nisipunguze. Sipunguze."

"Haiko kinywa ya muzazi!"

"Ni kinywa ya mutoto. Ulitaka kujua kama ni wake. Muulize nani mwingine angeitika hivyo."

Watu wakacheka, hata wale walioninungunikia. Sekretere akamuangalia Koko Mudogo, akaniangalia miye vile jasho inanitoka, akaangalia saa yake. Akapiga kashe. Paa! Nikaruka juu, Mama, unajua vile siye tunaruka sasa na kila mulio.

Basi ameandikwa kwa liste. Tukirudi, huyu mutoto akaanza kunisumbua.

"Mama, sema tena."

"Sema nini?"

"Jina yangu."

"Acha ujinga. Nilikuita juu ya Leta, haikuwa juu yako."

"Mara moja tu."

"Koko Mudogo, tembea."

Anacheka mpaka leo. Shemize ameifua. Miye nimerudia makofi yangu.

Mama, sasa ninapiga magoti mara ya pili, na Mama Kavira hacheke. Nilikutaja mbele ya watu nisiowajua, na weye haukuniruhusu. Kama nimekukosea, kasirani yako inipate miye, isimuguse mutoto wala egzame yake. Kuku ya kunawa kinywa, ile ya kuomba musamaha, nimekwisha kuichagua mu wazo yangu, mweupe, kama ile uliyonipa nikiingia kwako. Nitakuletea na mikono yangu siku barabara itafunguka. Kuku simupe dereva.

Musalimie shemeji yangu wa kike, anayekutekea maji, na umuambie asipite njia ya chini. Musalimie katekista anayekusomea hii, na bibi yake. Jirani wa ngambo ya mutaro, yule mwenye kutuazima mutwangio, umuambie ningali na haya juu ulibakia mu nyumba ukaungua nayo.

Ndani ya barua hii nimetia kopi ya ile karatasi. Katekista, neno hii ni yako: ukifika pa jina, uisome weye na kinywa yako, miye nimemaliza. Na ile neno inayofuata usiiruke. Uisome polepole, sauti inapanda kidogo mwishoni, kama mutoto aliyegeuka pa mulango. Mama Mukwe asikie vile mujukuu wake aliitika.

Uvae masweta, Mama. Asubui baridi ni kali.

Ni miye, muke wa mutoto wako, mama ya yule unayemujua. Kidole kimechoka. Naachilia buto.